Kutoka Barabara ya Tano hadi Lancaster House

Januari 1960, wajumbe wa Kiafrika kutoka Kenya walipofika London kujadili katiba mpya, mshauri wao wa sheria hakuwa Mwingereza wala Mkenya. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa miaka 51, mrefu wa kimo, mzito wa sauti na mwingi wa hadithi, jina lake Thurgood Marshall. Tom Mboya, mmoja wa wajumbe hao, ndiye aliyemwomba aje. Miaka 6 kabla ya hapo Marshall alikuwa amezishinda serikali za majimbo katika kesi ya Brown, pale Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua, tarehe 17 Mei 1954, kwamba kuwatenga watoto wa shule kwa rangi zao ni kinyume cha katiba.

Mtu wa namna hiyo hakuzuka tu. Alifinyangwa mahali fulani, na waliomfinyanga walijua wanachofanya. Kwa hiyo njia yake hatuianzii London. Tunaianzia Washington, nyumba namba 420, Barabara ya Tano, jengo la kawaida karibu na mahakama za mji. Katika miaka ya 1930 hapo ndipo kilipokuwa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Howard.

Howard ilianzishwa mwaka 1867, miaka 2 tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa Marekani, na ikapewa jina la Jenerali Oliver Otis Howard, aliyesimamia idara ya serikali ya kuwasaidia watumwa walioachwa huru. Kitivo cha sheria kilifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 alihitimu hapo Charlotte Ray, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa wakili nchini Marekani. Mwanzo huo ulikuwa wa kujivunia. Lakini kufikia miaka ya 1920 kitivo kilikuwa cha masomo ya jioni, wanafunzi wakija baada ya kazi za mchana, na vyama vya wanasheria havikukitambua.

Hapo anaingia Charles Hamilton Houston, na mimi namhesabu yeye kuwa mzizi wa habari hii yote. Alikuwa mtoto wa Washington. Alikwenda Ufaransa akiwa ofisa wa jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na huko akadhalilishwa na wanajeshi wa Marekani wenzake, Wazungu, hata akaapa kwamba akirudi salama atasoma sheria awapiganie wasioweza kujipigania. Akaenda Harvard. Mwaka 1929 akapewa kuiongoza shule ya sheria ya Howard, akafunga masomo ya jioni, akaongeza ugumu wa kila kitu, na kufikia 1931 kitivo kilikuwa kimetambuliwa rasmi. Aliwafundisha vijana wake kwamba wakili ama ni fundi wa kuijenga jamii upya, ama ni kupe anayeinyonya. Katikati ya hayo mawili hakuwaachia nafasi. Siku ya kwanza aliwaambia wamtazame aliyeketi kulia na aliyeketi kushoto, kwa sababu mwaka ujao huenda asiwepo. Wanafunzi walimpachika majina, moja likiwa Viatu vya Chuma.

Marshall aliingia darasani kwake mwaka 1930, akitokea Chuo cha Lincoln, Pennsylvania, nacho pia cha Weusi, alikohitimu mwaka mmoja na Nnamdi Azikiwe wa Nigeria. Chuo Kikuu cha Maryland kilikuwa pale pale nyumbani kwao Baltimore, lakini shule yake ya sheria haikuwapokea Weusi. Basi akawa anadamka alfajiri, anapanda treni hadi Washington, anarudi usiku. Mama yake, mwalimu wa shule, aliweka rehani pete zake za uchumba na ndoa ili ada ipatikane. Mwaka 1933 Marshall alihitimu akiwa wa kwanza darasani. Wa pili alikuwa Oliver Hill, ambaye baadaye aliendesha kesi ya wanafunzi wa Virginia iliyounganishwa na ile ya Brown.

Kazi ya Houston haikuwa ya darasani peke yake. Mwaka 1934 alisafiri South Carolina na kamera ya filamu, akapiga picha za shule. Upande mmoja majengo ya matofali ya watoto wa Kizungu, upande wa pili vibanda vya mbao vya watoto Weusi, katika wilaya ile ile. Sheria ya wakati ule ilidai kwamba utengano si kosa ilimradi huduma ni sawa. Houston aliamua kuwabana kwa neno lao wenyewe: haya, onyesheni huo usawa. Alianza na shule za sheria za vyuo vikuu, kwa kuwa hakimu yeyote anajua shule ya sheria inavyotakiwa kuwa, huwezi kumdanganya. Kesi ya mapema ilikuwa ya Maryland. Mwaka 1935 mwalimu na mwanafunzi wake walisimama pamoja mahakamani Baltimore kumtetea Donald Murray, wakashinda, na chuo kilichomfungia Marshall mlango kikalazimika kumpokea Murray.

Houston alifariki Aprili 1950. Hukumu ya Brown hakuiona. Lakini mara nyingi Marshall alipojiandaa kwenda Mahakama ya Juu, alirudi Howard kwanza, akasimama mbele ya walimu na wanafunzi waliojifanya majaji, wakamhoji bila huruma. Maswali mengi aliyoulizwa kule juu alikuwa ameshaulizwa kwao.

Sasa tuvuke bahari.

Marshall alifika Kenya Januari 1960, mwezi ule ule ilipoondolewa rasmi Hali ya Hatari, ambayo serikali ya kikoloni iliitangaza kukabili uasi wa Mau Mau. Mzee Jomo Kenyatta, kiongozi wa wapigania uhuru, alikuwa bado amezuiliwa Lodwar. Baadaye Marshall alisimulia mwenyewe kwamba Mboya alimpeleka kwenye mkutano Kiambu na ofisa wa serikali akamkataza kuhutubia. Akaomba basi aseme neno moja tu la salamu. Akapanda juu ya gari, akapaza sauti: Uhuru! Umati ukalipuka. Naipenda habari hii kwa kuwa inaonyesha mtu aliyejifunza kuitumia nafasi ndogo aliyoachiwa, na hiyo ndiyo sheria yenyewe ya Houston.

Mkutano wa London, katika jumba la Lancaster House, ulifunguliwa tarehe 18 Januari chini ya waziri wa makoloni, Iain Macleod, na mara ukakwama. Wajumbe wa Kiafrika, wakiongozwa na Ronald Ngala, waliwataja Marshall na Mbiyu Koinange kuwa washauri wao. Waingereza hawakutaka kumsikia Koinange, aliyekuwa uhamishoni na ambaye walowezi walimhusisha na Mau Mau. Wajumbe wakasusa. Mwishowe ukapatikana ujanja wa kadi isiyoandikwa jina, iliyomruhusu Koinange kuingia jengoni lakini si ndani ya ukumbi wa mazungumzo.

Inafaa kukumbuka kwamba Koinange naye alipitia njia hiyo hiyo. Mwaka 1927 alikwenda kusoma Hampton, Virginia, chuo cha Weusi alichohitimu mwelimishaji Mweusi Booker T. Washington mwaka 1875. Aliporudi nyumbani alianzisha chuo cha ualimu cha Githunguri mwaka 1939, kwa michango ya wananchi, kikafundisha hadi serikali ya kikoloni ilipokifunga wakati wa Hali ya Hatari. Na Ralph Bunche, mwalimu wa siasa wa Howard, alikuwa amejifunza Kiswahili kwa Kenyatta huko London kabla ya kuja Kenya mwaka 1938 na kupokewa na Chifu Koinange, baba yake Mbiyu. Kwa hiyo Marshall hakuwa wa kwanza kuikanyaga njia hii. Ilikuwa imeshatengenezwa.

Rasimu ya sheria ya haki ambayo Marshall aliwaandikia wajumbe ilichota kutoka Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu na katiba za nchi zilizokuwa zikipata uhuru, hasa Nigeria. Ilitaja usawa mbele ya sheria, haki ya kupiga kura, na pia elimu, afya na kazi, mambo ambayo katiba ya nchi yake mwenyewe haiyataji. Juu ya yote alisisitiza mahakama: mtu akinyimwa haki, awe na mlango wa kugonga.

Kipengele kigumu kilikuwa cha mali. Wachache waliohitaji ulinzi Kenya walikuwa Wazungu na Waasia. Marshall hakukwepa. Aliona kwamba ulinzi anaoudai kwa Mweusi wa Mississippi hawezi kumnyima Mzungu wa Kenya, na akataka mali isichukuliwe bila fidia ya haki. Kwa kanuni namuunga mkono. Kwa ardhi, naona rasimu yake ilikuwa na pengo: ilianza kuhesabu umiliki kutoka pale ulipokuwa mwaka 1960, haikuuliza shamba lilipatikanaje. Wakulima wengi walikuja kununua kwa mkopo ardhi iliyokuwa ya babu zao, na lawama ya hilo haijaisha mpaka leo.

Mkutano ukiwa unaendelea, tarehe 1 Februari, wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza kutoka chuo kingine cha Weusi, cha kilimo na ufundi cha North Carolina, waliketi kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth mjini Greensboro na kukataa kuondoka bila kuhudumiwa. Yaani wakati Marshall anawaandikia Wakenya haki, kwao watoto walikuwa wanazidai kwa kukaa kwenye viti. Alirudi, na ofisi yake ya mawakili ikabeba utetezi wa vijana wa migomo hiyo. Mwaka 1967 akawa jaji Mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu, akakaa hapo hadi 1991.

Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na sura ya haki, ingawa si kwa maneno ya Marshall. Haikudumu salama. Sheria ya kuwafunga watu bila kesi ilikuja mwaka 1966, na mwaka 1982 chama kikabaki kimoja kwa nguvu ya katiba. Ilichukua hadi tarehe 27 Agosti 2010 kwa Kenya kuzindua katiba ambayo Ibara yake ya 43 inataja elimu na afya kuwa haki, kama alivyokuwa ameandika yule mgeni miaka 50 kabla.

Katiba hiyo ipo kwa Kiswahili. Ukiifungua Sura ya Nne, usianze na orodha ya haki. Anza na Ibara ya 22, inayompa kila mtu ruhusa ya kwenda mahakamani mwenyewe kudai haki aliyonyimwa, halafu mwonyeshe na jirani yako ambaye hajaisoma.