Ukifungua breki za 'mkonga', usirudishe beringi bila kuzikagua

Na Mwandishi Wetu, Bariadi

WENYE magari makongwe ya porini mkoani Simiyu, hususan Land Cruiser zenye bomba la hewa linalopanda kandoni mwa kioo cha mbele, maarufu kwa jina la 'mkonga', huyapeleka gereji zaidi kwa sababu ya breki. Pedi zimekwisha, diski imelika, au usukani unatikisika kila dereva anapokanyaga.

Kinachosahaulika ni kwamba katika magari hayo kazi ya breki za mbele na kazi ya beringi za magurudumu ni kazi moja. Diski imefungwa kwa boliti nyuma ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na haitoki mpaka habu nzima ichomolewe. Habu ikishachomolewa, beringi zake zote mbili, ya ndani na ya nje, zimo mkononi mwa fundi.

Hapo ndipo uamuzi unapotakiwa. Kuzibadilisha wakati huo ni nyongeza ya bei ya vipuri na muda kidogo tu. Kuziacha na kurudi baada ya miezi miwili ni kulipia ufundi uleule mara ya pili, tena ikiwa gari limebahatika kufika gereji.

Mazingira ya mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na maeneo yaliyokuwa ya Shinyanga na Mwanza, hayana huruma kwa beringi. Kwenye lami inayounganisha Lamadi, Bariadi, Maswa na Mwigumbi gari hukimbia kwa mwendo mkubwa na habu hupata joto. Nje ya lami, kuelekea vijiji vya Itilima na Meatu, kuna vumbi kali wakati wa kiangazi na udongo mweusi wa mbuga unaonata wakati wa mvua.

Tatizo kubwa zaidi ni maji. Habu iliyopata joto inapozama ghafla katika maji ya mto, hewa iliyomo ndani hupoa na kusinyaa, kisha huvuta maji kupitia sili iliyochakaa. Grisi hugeuka rangi na kuwa kama uji wenye maziwa, na kutu huanza kazi yake kimyakimya. Mkonga huilinda injini isivute maji, lakini hauzilindi habu.

Beringi zinazotumika hapo si zile za gololi. Ndani yake kuna vijiti vya chuma vilivyochongwa upande mmoja mwembamba na mwingine mnene, vinavyozunguka ndani ya bakuli la chuma lililogongwa kwenye habu. Hataza ya beringi za aina hiyo ilitolewa nchini Marekani mwaka 1898 kwa Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi, aliyetaka gurudumu libebe uzito wa mzigo na papo hapo listahimili msukumo wa pembeni wakati wa kukata kona.

Dalili za ubovu zinajulikana, ingawa mara nyingi husomwa vibaya. Mvumo huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka. Baada ya safari, habu moja huwa na joto kuliko nyingine. Dalili inayopotosha wengi ni pedali ya breki kuzama katika mkanyago wa kwanza na kupanda katika wa pili. Beringi ikilegea, diski huyumba na kuzisukuma pedi nyuma, hivyo mkanyago wa kwanza hutumika kuzirudisha tu. Wapo wanaobadilisha masta silinda kwa kosa hilo, wakatumia fedha nyingi, na pedali ikaendelea kuzama.

Kipimo ni rahisi. Gari liwekewe vizuizi, linyanyuliwe kwa jeki na kuegemezwa kwenye stendi imara. Fundi ashike tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki, kisha litikiswe tena. Mchezo ukitoweka, beringi ndiyo yenye kosa. Ukibaki, kosa litafutwe kwingine, kwa mfano kwenye beringi za nakoli, sehemu inayogeuza gurudumu.

Beringi zilizotolewa zioshwe kwa mafuta ya taa na kukaushwa kwa kitambaa. Kuzizungusha kwa upepo wa kompresa, mchezo unaopendwa na vijana wa gereji, ni hatari kwani kijiti kinaweza kuchomoka kama risasi. Vumbi la breki nalo lisipulizwe, kwa kuwa viatu vya breki vya zamani huenda vina asbesto. Rangi ya buluu au kahawia ni alama ya joto kali. Vishimo, au mistari iliyojipanga kwa nafasi sawa ndani ya bakuli, maana yake beringi imekwisha.

Beringi mpya huwekwa pamoja na bakuli lake jipya. Kuweka vijiti vipya katika bakuli la zamani ni kuviua mapema. Bakuli hugongwa kwa kipande cha shaba, kidogokidogo, upande huu na ule, mpaka mlio wa nyundo ubadilike na kuwa mkavu, ishara kwamba limekaa. Grisi ya kustahimili joto ishindiliwe kwa kiganja kupitia upande mpana wa beringi hadi itokeze upande wa pili. Kuipaka juujuu hakusaidii. Sili iwe mpya daima.

Sili za nyuma zisisahaulike. Zikipasuka, oili ya difu hulowesha viatu vya breki, na kiatu kilicholowa hakiponi kwa kuoshwa na petroli wala kuchomwa moto. Kibadilishwe, na cha upande wa pili vilevile.

Kinachoharibu kazi nzuri mara nyingi ni ukazaji. Nati ya mbele ya Land Cruiser hizo hutaka spana ya boksi ya milimita 54, lakini magari mengi hubeba alama za tindo na nyundo. Mwandishi wa makala haya haoni sababu ya gereji yenye wateja wa 'mkonga' kukosa spana hiyo.

Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 80, mtengenezaji anaelekeza nati ikazwe kwa nyutoni mita 59 huku habu ikizungushwa, ilegezwe, kisha ikazwe tena kidogo. Baada ya hapo, mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki wa Lamadi, hufungwa kwenye boliti ya gurudumu na kuvutwa. Habu ianze kuzunguka kwa mvuto wa takribani kilo tatu hadi sita. Nati ya kufungia hukazwa kwa nyutoni mita 64, kisha mvuto hupimwa upya. Matoleo mengine yafuate kitabu chake.

Beringi iliyokazwa mno huungua. Iliyolegea huila ekseli, na mwisho wake gurudumu linaweza kuchomoka.

Kuhusu ununuzi, wengi hufuata vipuri Mwanza, na bandia zimo sokoni. Boksi peke yake si ushahidi. Namba na jina la mtengenezaji vichunguzwe kwenye chuma chenyewe, vilingane na vya beringi iliyotolewa. Koyo, jina linalokutwa katika Toyota nyingi, tangu mwaka 2006 liko chini ya kampuni ya JTEKT ya Japani. Malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani (FCC).

Baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo, dereva asimame na kukaribisha kiganja kwenye kila habu. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa moja inaunguza, gari lirudi kwa fundi kabla ya kuanza safari ya Meatu.