Bei Inayotangulia Mzigo

Katika miaka ya 1980, mfanyabiashara wa Goma, mji wa mashariki mwa Zaire (leo Kongo), aliyetaka kujua bei ya mafuta ya mawese Kisangani alikwenda kwenye foni, redio ya mawasiliano ya mbali. Simu za posta zilikuwa zimeharibika kwa kukosa matunzo, na simu za mkononi za Telecel, kampuni ya Miko Rwayitare mjini Kinshasa, zilikuwa za mawaziri na matajiri. Foni nayo ilikuwa na mwenyewe. Tajiri aliyeimiliki alisikia bei kwanza na kununua kwanza. Mama wa sokoni aliuliza madereva wa malori.

Vita vya 1998 viliikata nchi vipande. Kundi la waasi la RCD lilitawala mashariki kutoka Goma, na barabara ya Kisangani ikamezwa na msitu. Januari 2002, lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika maduka ya katikati ya Goma na kipande cha uwanja wa ndege. Ni katika miaka hiyo hiyo kampuni za simu za mkononi zilipoingia nchini, Celtel mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002. Na serikali ya mpito ilipoundwa mwaka 2003, minara ikazidi kuenea mashariki.

Kwa nini simu ilishika upesi? Wako wanaosema ni ushindani wa kampuni: uniti za kupigia simu ziliuzwa kidogo kidogo, chini ya mwavuli, kwa fedha ambayo hata muuza nyanya aliweza kuitoa. Wengine wanataja ubovu wa barabara na hatari ya safari. Nionavyo, ushindani unaeleza kwa nini simu ilinunulika. Barabara zinaeleza kwa nini ilihitajiwa kuliko viatu vipya. Aliyekuwa akihatarisha maisha kwenda Masisi kuulizia maharage sasa aliuliza akiwa Birere, sokoni Goma.

Novemba 2012 Vodacom ilianzisha M-Pesa, huduma ya fedha za simu, nchini Kongo, mwezi uleule waasi wa M23 walipoiteka Goma kwa mara ya kwanza. Baadaye ikaja WhatsApp, na picha ikafanya kazi ambayo sauti haikuiweza: mwenye kibanda cha vitenge alichagua rangi kutoka Kampala au Dubai bila nauli wala viza, akawaonyesha wateja wake kabla mzigo haujafika. Hapa ndipo mtaji mdogo ulipopata nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa muuzaji aliweza kupokea oda kwanza na kununua baadaye.

Mzigo wenyewe, hata hivyo, bado ulipita mpakani. Juni 2022 M23 waliteka Bunagana, mji wa mpakani na Uganda, na Januari 2025 wakaiteka Goma tena. Benki za mji zikafungwa na ndege za abiria zikasimama. Wakala wa fedha za simu huhitaji noti ili ampe mteja anayetoa pesa, na noti hizo hutoka benki. Zilipoadimika, salio lilibaki kwenye simu: mwenye duka la jumla aliweza kulipokea, lakini mkulima wa kijiji kisicho na mtandao alidai noti mkononi kabla ya kushusha gunia lake.