SI KILA KUZIMIA NI JINI



Ndugu yangu katika imani, jirani yangu hapa Kiseke alikuwa akianguka ghafla. Aliletwa kwangu mara tatu, nikamsomea ruqya. Kumsomea si kosa. Kosa langu ni kwamba sikumwambia hata mara moja: "Nenda hospitali." Ndiyo maana leo nakuletea historia hii.

Ibn Sina, aliyefariki 1037, alieleza katika kitabu chake al-Qanun namna ya kushika mshipa wa mkono na kutofautisha mapigo yaliyopangika na yaliyovurugika. Aliyajua kwa vidole. Alichokuwa hakioni ni umeme mdogo ambao Allah ameuweka ndani ya moyo, nao ndio unaoupigisha. Mwaka 1924 Mholanzi Willem Einthoven alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kuuchora umeme huo kwa mashine.

Sasa sikia habari za Arne Larsson wa Sweden. Alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku, mkewe akawabana wataalamu mpaka wakakubali kujaribu. Tarehe 8 Oktoba 1958 daktari Åke Senning akampandikiza betri ya moyo iliyotengenezwa na Rune Elmqvist, umbo lake likitolewa kwenye kopo la kiwi ya viatu! Ilidumu saa chache tu. Wakaweka nyingine. Maisha yake yote alitumia 26. Elmqvist alifariki 1996, Senning 2000, na mgonjwa wao 2001, akiwa na miaka 86, kwa saratani. Zingatia: waganga walitangulia, mgonjwa akabaki. Ajal ni ya Allah peke yake.

Na moyo ukienda mbio kupita kiasi? Madaktari hupitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wakaitafuta njia ya umeme iliyopotoka na kuichoma.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015 Dar es Salaam, huweka betri hizo. Nasi wa Mwanza tuna Bugando. Kipimo cha umeme wa moyo ni cha dakika chache, wala hakiumi.

Mabedui walipomuuliza Mtume ﷺ kama wajitibu, aliwaamrisha watafute dawa. Basi moyo ukikuenda kombo, soma, omba dua, kisha panda gari ukapimwe.

Jirani yangu? Alipopimwa, mapigo yake yalikuwa chini mno. Leo ana betri kifuani, na Alfajiri tunasimama safu moja. Alhamdulillah.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.