Leseni ya Dola Tatu: Singapore na Saa za Kazi, 1975

Tarehe 2 Juni 1975 serikali ya Singapore ilianza kuyatoza magari yaliyoingia katikati ya jiji asubuhi. Eneo lenyewe lilikuwa na takribani kilomita 6 za mraba. Mwenye gari alinunua karatasi ya leseni kwa dola 3 za Singapore kwa siku, au 60 kwa mwezi, akaibandika kwenye kioo cha mbele ili wakaguzi waione. Mabasi hayakulipa, wala gari lililobeba watu wanne au zaidi.

Wengi hukieleza kisa hiki kuwa ushindi wa bei, kwamba ada ilipowekwa foleni ilipungua. Ni kweli magari yaliyoingia saa hizo yalipungua sana. Hata hivyo, mimi nauliza: nani aliacha gari, na nani alibadilisha saa tu?

Mwanzoni ada ilitozwa kuanzia saa 1:30 hadi saa 3:30 asubuhi. Wengine waliwahi kabla ya muda huo, wengine wakasubiri upite. Foleni ikahamia baada ya saa 3:30, na kufikia Agosti serikali ikaurefusha muda hadi saa 4:15. Hapa naona tofauti ya kikazi. Aliyejipangia saa zake aliweza kusubiri. Karani aliyetakiwa awe mezani saa 2:00 hakuweza. Ilimbidi adamke mapema zaidi, alipe, atafute wenzake watatu au apande basi. Baadhi ya madereva walichukua abiria vituoni ili watimie wanne, huku maegesho yaliyojengwa pembezoni yakibaki karibu matupu. Jioni ada haikutozwa mpaka 1989, na mwaka 1998 mtambo wa elektroniki ukachukua nafasi ya karatasi.

Mtu anaweza kunipinga kwamba wafanyakazi wengi hawakuwa na magari, hivyo ada haikuwagusa. Nakubali, ila kwa sababu mabasi yalikuwepo: mwaka 1973, miaka miwili kabla ya leseni, kampuni za mabasi zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja.

Kwa kumalizia, sisi wa Kampala, mji wa taksi na bodaboda, tusiige bei peke yake. Kabla ya kumtoza mfanyakazi, tuulize kwanza saa zake zinapangwa na nani, na atapanda nini akiliacha gari nyumbani.