Baada ya Shahada ya Sheria: Njia za Kazi kwa Mhitimu wa Tanzania

Anayehitimu shahada ya kwanza ya sheria katika chuo kikuu cha Tanzania Bara hutoka na cheti. Leseni bado hana. Nyumbani watamwita wakili siku hiyohiyo, na majirani wataanza kumletea kesi za mipaka ya viwanja, ilhali kisheria hana ruhusa ya kusimama mahakamani kama wakili wa mtu yeyote. Kati ya joho la mahafali na joho la uwakili pana mwaka wa mafunzo, mitihani inayoogopwa na maombi kwa Jaji Mkuu. Pembeni mwa njia hiyo zimo kazi nyingi zisizodai joho kabisa. Anayetaka kuzielewa aulize kwanza mtu anaandika nini kutwa nzima, kwa sababu kazi za sheria hutofautiana kwa karatasi zinazotoka mezani kuliko kwa vyeo vinavyobandikwa mlangoni.

Chimbuko la fani

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14 waliosomea katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Uamuzi wa kuanza na sheria ulikuwa wa makusudi. Majaji na wanasheria wa Serikali walikuwa Waingereza, mawakili wa mijini wengi wao walikuwa Waasia na Wazungu, na nchi iliyokuwa inaelekea kujitawala ilihitaji watu wake wa kutunga sheria na kuzisimamia. Wahitimu wa miaka ile walichukuliwa na Serikali karibu wote, na dhana kwamba msomi wa sheria ni mtu wa Serikali haijafutika hadi leo.

Maisha ya kikazi ya watu wa vizazi hivyo yanaonyesha jinsi shahada moja inavyoweza kuzaa kazi nyingi. Joseph Warioba, aliyehitimu mwaka 1966, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akawa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990, kisha akaketi kama jaji katika Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari mjini Hamburg. Asha-Rose Migiro alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, miaka mingi kabla ya kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Mkenya Willy Mutunga alisomea sheria Dar es Salaam, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa nchi yake. Issa Shivji alibaki chuoni, na kutoka huko akaongoza Tume ya Rais iliyochunguza masuala ya ardhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyochochea mjadala uliotangulia sheria za ardhi za mwaka 1999. Ualimu wa sheria, kwa maana hiyo, haujawahi kuwa kazi ya pembeni.

Uwakili

Mlango wa uwakili Tanzania Bara ni Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2008. Kabla ya hapo mhitimu alifanya mafunzo ya vitendo kisha akapimwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Siku hizi hukaa taasisi hiyo takribani mwaka mmoja, sehemu darasani na sehemu mahakamani na katika ofisi za mawakili. Zanzibar ina utaratibu wake, chama chake cha mawakili na mahakama zake, zikiwemo za kadhi, na anayetaka kufanya kazi pande zote mbili za Muungano hulazimika kufuata taratibu za pande zote mbili.

Mwaka 2022 matokeo ya taasisi hiyo yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani, 26 tu walifaulu moja kwa moja, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakaondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria aliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza chanzo. Vyuo vikuu vilitupiwa lawama, taasisi nayo ikatupiwa lawama, na vijana wakaitwa wavivu. Hoja ya uvivu haitoshi kabisa. Mwanafunzi anayefundishwa miaka mitatu au minne kueleza kesi maarufu na vifungu kwa Kiingereza cha mtihani, halafu akaambiwa aandike hati ya madai itakayopokelewa na masjala, amebadilishiwa kazi nzima. Chuo kilimpima kwa anachokijua. Taasisi inampima kwa anachoweza kukiandaa, kwa muda uliopangwa, bila kosa litakalomgharimu mteja. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayepata nafasi ya kusoma majalada halisi ya mahakama na kujaribu kuandika nyaraka zake mwenyewe anajiandaa kwa mtihani huo kuliko yule anayekusanya madaftari ya waliomtangulia.

Aliyefaulu huomba kwa Jaji Mkuu, naye humkubali na kumsajili kuwa wakili pamoja na wenzake katika hafla moja. Huwa mwanachama wa Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954, na leseni yake huihuisha kila mwaka. Mahakama inaendesha mfumo wa mtandaoni, e-Wakili, ambamo mwananchi anaweza kuhakikisha kama anayemlipa ni wakili kweli au ni kishoka. Ukaguzi huo huchukua dakika chache, na inasikitisha kwamba wengi huukumbuka wakiwa wameshalizwa.

Miaka ya kwanza chembani ni ya kazi ndogondogo ambazo hazionekani kwenye filamu. Wakili mchanga hufuatilia jalada masjala, husajili nyaraka mtandaoni, huenda kuomba shauri liahirishwe kwa sababu mkubwa wake yuko mahakama nyingine, na huandika hati za viapo. Tuisogelee hati ya kiapo kidogo. Ni maelezo ya aya zenye namba, yanayobeba mambo anayoyajua mwapaji mwenyewe; akisema jambo aliloambiwa, lazima amtaje aliyemwambia. Hoja za kisheria hazimo, wala maombi hayamo. Mwishoni mwapaji huthibitisha ukweli wa aya zake, kisha husaini mbele ya kamishna wa viapo, ambaye naye huandika mahali na tarehe ya kiapo na kueleza kama anamfahamu mwapaji au ametambulishwa kwake na mwingine. Wakili anayeendesha shauri haruhusiwi kumwapisha mteja wake katika shauri hilohilo, kwa hiyo utamwona akivuka barabara na mteja kwenda kwa mwenzake mwenye muhuri. Tarehe ikisahaulika, upande wa pili huweka pingamizi, na maombi yaliyotegemea kiapo hicho yanaweza kutupwa hata kama mwombaji ana haki. Anayechoshwa na mambo madogo kama hayo atachoshwa na uwakili wote.

Mahakamani na Serikalini

Hakimu huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ngazi zinaanzia mahakama ya mwanzo, zinapanda mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi, Mahakama Kuu, hadi Mahakama ya Rufani iliyoundwa mwaka 1979, baada ya ile ya Afrika Mashariki kuvunjika pamoja na Jumuiya ya zamani. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais, na Katiba inataka awe na sifa maalumu za kisheria kwa muda usiopungua miaka kumi. Ila mahakama inayowagusa watu wengi ni ile ya mwanzo. Huko Kiswahili ndicho kilichotawala siku zote, na kesi ni za mirathi, talaka, madeni, wizi mdogo na matusi. Familia hufika na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo uliomteua msimamizi wa mirathi. Hakimu kijana anatakiwa kugundua, kwa maswali ya utulivu, kama mjane alikuwepo kwenye kikao hicho au jina lake liliandikwa tu. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kuingia huko. Mabadiliko ya karibuni yamewafungulia mlango pale anapoketi hakimu mkazi.

Upande wa Serikali, mwaka 2018 kazi zilizokuwa chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu ziligawanywa. Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali ikabeba mashauri ya madai na usuluhishi, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikabeba jinai, na Mwanasheria Mkuu akabaki na ushauri, mikataba na uandishi wa sheria. Kwa mhitimu, mgawanyo huo una maana kubwa, kwani anayependa kuhoji mashahidi na anayependa kusoma mikataba hawaombi tena ofisi moja. Wapo pia wanasheria wa TAKUKURU, wa Mamlaka ya Mapato, maofisa wa BRELA wanaosajili kampuni na alama za biashara, na maofisa wa RITA wanaoshughulikia wosia, vizazi, vifo na bodi za wadhamini. Mwanasheria wa halmashauri huandaa sheria ndogo za masoko, ushuru na mifugo, ambazo hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana kabla hazijaanza kutumika. Anayedhani kazi ya wilayani ni ya kupoteza muda amwulize mchuuzi sheria inayomgusa kila asubuhi ni ipi.

Benki, kampuni na kazi mpya

Mwanasheria wa benki haonekani mahakamani mara nyingi, lakini saini yake huamua kama mkopo utatoka. Mteja akileta hati ya nyumba iwe rehani, mwanasheria hupekua kwa msajili wa hati kujua kama ina deni jingine, kisha huuliza habari za ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Karatasi ya ridhaa ikiwa haimo, au ikiwa imesainiwa na mtu asiye mke halali, benki itajikuta mahakamani ikipambana na mama aliyesikia habari za mnada kwa jirani. Ujuzi unaotakiwa hapo ni wa kusoma na kutilia shaka. Katika kampuni kubwa mtu huyohuyo huweza kuwa katibu wa bodi, anayeandika mihtasari na kuangalia wakurugenzi wasivuke mamlaka yao.

Ushauri wa kodi, bima na madini nao umekua. Mwaka 2017 Serikali ilipokaa mezani na kampuni ya madini ya Barrick juu ya makinikia, yaani mchanga wa madini, aliyeongoza timu ya nchi alikuwa Palamagamba Kabudi, profesa wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezaa kazi ambayo haikuwepo: afisa wa kusimamia namna hospitali, benki na kampuni za simu zinavyotunza taarifa za watu.

Usuluhishi na msaada wa kisheria

Migogoro mingi ya kazi haianzii mahakamani. Hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako msuluhishi hujaribu kuwapatanisha mwajiri na mfanyakazi kabla mwamuzi hajasikiliza ushahidi. Mabaraza ya ardhi na nyumba ya wilaya nayo huongozwa na wenyeviti waliosomea sheria. Kazi hizi zinadai masikio kuliko ufasaha wa kuzungumza.

Kwenye msaada wa kisheria yapo mashirika yenye umri mkubwa, kama Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilichoanzishwa mwaka 1995. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa usajili wa watoa huduma na kuwatambua wasaidizi wa kisheria walioko vijijini. Mhitimu ambaye hajawa wakili anaweza kufundisha wasaidizi hao, kuandika barua za madai, au kusaidia kijiji kupata hati za hakimiliki za kimila. Mishahara ya mashirika hutegemea ufadhili na mikataba huwa mifupi, na hilo kijana alijue mapema. Pamoja na hayo, ni vigumu kutaja kazi nyingine itakayomfundisha upesi namna sheria inavyofika, au isivyofika, kwa mwenye shamba.

Arusha

Wahitimu wa nchi nyingine huvuka bahari kutafuta mahakama za kimataifa. Wa Tanzania hupanda basi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda ilikaa Arusha hadi 2015, na Mohamed Chande Othman, aliyefanya kazi ya mashtaka huko, baadaye akawa Jaji Mkuu wa Tanzania. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo mjini hapo, na Mtanzania Imani Aboud aliwahi kuwa Rais wake. Mahakama ya Haki ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya sasa ipo hapohapo, na wakili mwenye haki ya kusimama mbele ya mahakama za juu za nchi mwanachama anaweza kusimama mbele yake. Nafasi za mafunzo ni chache na Kifaransa kinasaidia sana.

Wanaoandika sheria kwa Kiswahili

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Vitabu vizima vya sheria vilivyoandikwa kwa Kiingereza tangu enzi za ukoloni vikahitaji kutafsiriwa, na hukumu kuanza kuandikwa kwa lugha ambayo vitivo vya sheria havifundishii. Mfasiri wa lugha asiyejua sheria atakosea nguvu ya kifungu, na mwanasheria asiyejali lugha ataandika sentensi ambayo mshtakiwa haielewi. Anayemudu yote mawili anahitajika katika uandishi wa sheria, Bungeni, mahakamani na kwenye ofisi za mawakili ambazo wateja wake sasa wanataka kusoma wenyewe mikataba wanayosaini, na kwa sasa watu wa namna hiyo ni wachache mno kulinganisha na kazi iliyopo.