Safu ya Lugha: Kinga

Neno kinga wengi tumelizoea ndani ya UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Tunalichukua kama ngao, kitu cha kuzuia maradhi. Lakini kitenzi kukinga kina maana nyingine. Mvua ikinyesha tunaweka ndoo chini ya mchirizi na kukinga maji. Hapo kukinga ni kupokea.

Maana hiyo inastahili nafasi katika sayansi. Mwaka 1975, Robert Ader na Nicholas Cohen wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliwanywesha panya maji matamu ya sakarini, kisha wakawadunga siklofosfamidi, dawa inayochafua tumbo na kudhoofisha kinga. Baadaye wakawadunga chembe nyekundu za damu ya kondoo. Panya walioonjeshwa tena sakarini, safari hii bila dawa, walitengeneza kingamwili chache zaidi. Ulimi ulionja, ubongo ukakumbuka, kinga ikalegea.

Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba kinga hujiendesha yenyewe. Panya wale walionyesha kuwa inasikiliza ubongo. Tafiti za baadaye kwa wanyama zikaonyesha neva zinazofika hadi ndani ya wengu, na jinsi kuchochea neva ya vagasi kunavyoweza kutuliza uvimbe.

Basi, walimu na waandishi wa afya, tusiieleze kinga kwa upande wa kuzuia tu. Tuseme pia kwamba hupokea ujumbe wa neva na kuujibu. Neno letu linabeba maana zote mbili, tulitumie kikamilifu.