Sokwe aliyejitibu, na Mtongwe aliyeijua dawa

Sisi wa Kilosa na Mikumi nyani tumewazoea. Unapanda basi la Iringa, likikatiza hifadhini unawaona wamekaa kando ya lami utadhani abiria. Ukiambiwa mnyama anajitibu mwenyewe, unacheka. Basi leo wadau tuwaache nyani wetu, twende kwa sokwe wa Mahale, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Hii si stori ya kijiweni.

Novemba 1987, mtafiti Mmarekani Michael Huffman alikuwa msituni na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe wa hukohuko aliyefanya kazi hifadhini. Walikuwa wanamfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku. Siku hiyo alikuwa mgonjwa kabisa: amelegea, chakula hataki, muda mwingi amelala. Mara akaenda kwenye kichaka, akavunja tawi, akamenya gome, majani akayatupa. Akatafuna kile kiini cha ndani, akanyonya maji yake na kutema makapi.

Huffman akauliza, mti gani huu? Kalunde akamwambia ni mjonso, mchungu balaa, na Watongwe wanautumia kama dawa ya homa na ya tumbo. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nafuu.

Mwaka 1989 habari ikachapishwa, ikasambaa duniani. Wakaendelea kupima. Sokwe mwingine aliyetafuna mjonso, mayai ya minyoo kwenye kinyesi chake yalishuka kutoka 130 hadi 15 kwa gramu moja, ndani ya saa 20! Tena sokwe wa Gombe na Mahale walikuwa wameshaonekana wakimeza majani yenye vinyweleo bila kuyatafuna. Baadaye ikajulikana kwamba majani hayo hutoka mazimamazima, yakisomba minyoo.

Sasa sikia hili. Ukoo wa Kalunde ni wa waganga. Babu yake ndiye aliyemwona nungunungu mgonjwa akifukua na kula mizizi ya mulengelele, mmea ambao watu waliuogopa kwa sumu. Yule mnyama akapona. Babu akaujaribu mwenyewe, na Watongwe wakapata dawa ya kuhara damu.

Kwa hiyo, bila Kalunde kuwa pale, Huffman angeandika tu kwamba sokwe katafuna mti. Jina la ule mti na kazi yake vilitoka kichwani mwa mtu aliyefundishwa nyumbani. Na jina lake likaandikwa kwenye ule utafiti, pembeni ya la mwenzake.

Angalizo: usikimbilie kuchuma. Hata Chausiku alijua majani ni ya kutupa.

Ila jioni ya leo, kama bibi au babu bado yupo, kaa naye umuulize anaijua miti gani. Akiondoka, anaondoka nayo. Wewe kwenu mnatumia mti gani kwa minyoo? Tuambie hapo chini.